Sare ya Mke wa Nyati

Nyati alipotawala mbuga, mkewe hakuvaa kitu kikabaki chake. Akichomeka tawi la mkunazi kwenye pembe, kesho yake mbuga nzima imechomeka. Ukame ulipokuja, mkunazi ndio uliobaki na majani, na ndama wake akaanza kulala njaa.

"Jamani, majani tuwaachie watoto," aliwasihi barazani.

"Umesema kweli, Mama," alijibu Nyumbu, bingwa wa kuiga. "Lakini wewe mwenyewe umevaa. Sisi tukija pembe tupu si tutaitwa wapinzani?"

Mama akaligusa tawi lake, akaona haya.

Baraza lililofuata alikuja pembe tupu.

"Mtindo gani huo, Mama?" Nyumbu aliuliza kwa wivu.

"Ndivyo nilivyozaliwa."

"Makubwa! Na sisi tutaupata wapi?"

Hata hivyo waliupata upesi. Matawi yakamwagika chini. Nyati, aliyechelewa kama wakubwa wote, akaingia na lake likipepea.

"Mzee, ushamba gani huo?" Nyumbu alimnong'oneza. "Livue, unatuaibisha."

Nyati akalivua haraka. Mkewe akalipokea, akampa ndama.