Panyabuku Akosa Pa Kuingia

Haya sogeeni, hii ya Panyabuku na jirani yake Fuko wala sijaitia chumvi! Panyabuku huyo hakuna gulio lililompita. Leo vikombe vya plastiki, kesho kioo cha pili, vyote anavisukumia shimoni. Fuko yeye ana kitanda chake cha majani makavu, basi.

"Shoga, kwako kama msibani!" Panyabuku akamcheka. "Hata kikombe cha mgeni huna!"

"Mgeni anataka pa kukaa, mwenzangu."

Mara Nguchiro huyo, njaa tupu, meno nje! Panyabuku mbio hadi mlangoni kwake. Kichwa kikaingia, tumbo likagoma. Akisukuma, vikombe navyo vinamsukuma.

"Fuko weee, naliwa!"

"Njoo huku!"

Akajitupa shimoni kwa Fuko, na Fuko akauziba mlango kwa udongo. Nguchiro akakwaruza weee, akachoka, akaenda zake. Panyabuku akajinyoosha mpaka mkia, akashusha pumzi.

"Jamani, kumbe una nyumba kubwa hivi!"

"Sawa na yako tu, shoga. Ila hapa tunakaa sisi, kule vinakaa vikombe."

Wakacheka mpaka udongo ukawadondokea. Kicheko hicho ndicho nilichokisikia mimi, nikaja mbio kuwaambia.