Samaki Waliogeukia Mkondo

Saumu alimpeleka babake kwenye tangi la kioo lenye samaki katika chumba chake cha utafiti, akamwandikia ubaoni: "Hawa niliwatilia dawa ile ile waliyokudunga wewe."

Mzee Mbaruku alisoma, akaguna. Sindano zile zilimponya kifua kikuu, zikaondoka na masikio yake.

Juzi samaki hao wadogo walisukumwa na mkondo wa maji ya tangi kama takataka. Vinyweleo vya ubavuni mwao, ndugu wa vile vya ndani ya sikio, vilikuwa vimekufa. Havikumwaga tena ile kemikali inayoipasha neva habari kwamba maji yamepita. Leo wote walikuwa wameukabili mkondo.

"Vimeota tena?" mzee aliuliza kwa sauti yake ya siku zote, kubwa mno.

Saumu aliitikia kwa kichwa.

"Na vyangu je?"

Aliandika "Havioti." Akamtazama usoni, akalifuta neno kwa kiganja, akaandika, "Bado."

Mzee alikunja kidole, akagonga kioo kwa pete yake, taratibu. Samaki wote wakashtuka, wakageuka.

"Wamenisikia," alinong'ona.

Miaka sita Saumu hakuwa amemsikia babake akinong'ona.