Jibu la Dilmaya

“Huyo mwenzako huwa anagombana na nani jikoni?” Shamira, jirani wa mlango wa pili, aliwahi kumuuliza Kawira kwenye ngazi.

Dilmaya hakuwa anagombana. Alikuwa anaimba. Mstari mmoja mkali, kimya kidogo, halafu mwingine, huku anakata vitunguu na simu imeegemea kopo la sukari. Kila simu ilipomaliza ubeti mmoja fulani, aligonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko mara tatu, akacheka peke yake.

Kawira, mjane kutoka Meru, alikaa naye chumba kimoja hapo Najma, mtaa wa Doha, tangu walipoajiriwa pamoja kupikia wafanyakazi kwenye kantini. Walielewana kwa Kiarabu cha jikoni na Kiswahili ambacho Dilmaya alikiokota kwake. Wimbo ndio hakuuelewa hata neno. Ulikuwa wa lugha ya kwao Dilmaya, huko milimani Nepal, lugha ya vijiji vichache tu, na hata huko vijana wameshaiacha.

Ndiyo maana Wairimu alikuwa anakuja Ijumaa. Wairimu alikuwa mwanafunzi wa kompyuta, Mkenya, na alizunguka Doha na kinasa sauti akikusanya nyimbo za lugha ndogo za Asia kabla wenyewe hawajazisahau. Wimbo huu ulimsumbua kuupata kwa sababu hauimbwi na mtu mmoja. Mwanamume anauliza kwa wimbo, mwanamke anajibu kwa wimbo. Baada ya kila swali, bakuli la chai linazungushwa. Likimrudia muulizaji kabla hujajibu, umeshindwa.

“Na ukishindwa?” Kawira alimuuliza Dilmaya wakiwa jikoni.

“Unaenda kwa jamaa za mwanamume, siku hiyo hiyo. Wanapanga harusi.”

“Mungu wangu. Na unaimba na nani?”

“Harka.”

Kawira akaweka kisu chini. Harka alikuwa dereva wa teksi. Alimposa Dilmaya mara mbili, na mara mbili Tilak, kaka mkubwa wa Dilmaya, alimfukuza kama kuku aliyeingia sebuleni. Sasa Tilak huyo huyo ndiye aliyempa Wairimu jina la Harka.

“Kaka anasema Harka hana sauti na hana akili,” Dilmaya alisema. “Nimshinde mbele ya watu, iingie kwenye mashine, aone aibu, aache kunisumbua.”

“Na wewe mwenyewe unasemaje?”

“Ananuka petroli.” Akarudi kwenye vitunguu vyake. “Niombee, Mama. Wimbo uishe vizuri.”

Kawira aliomba. Kila alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda na kumkumbusha Mungu kwamba mtoto wa watu hachukuliwi kwa bakuli la chai.

Ijumaa ilipofika, Dilmaya aliweka mfuko wa nguo nyuma ya mlango. Alisema wimbo ukiisha ataenda Al Wukair kufua, maana mashine ya hapa imekufa. Kawira alikuwa ametoka kuanika shuka alizofua kwenye mashine hiyo. Alijiambia tu: Mtu mwenye woga huongea ovyo.

Tilak alifika wa kwanza, shati limenyooshwa, akakaa karibu na kinasa sauti kama bwana harusi. Harka alichelewa. Aliomba radhi, alikuwa ametoka Al Wukair kwa dada yake, foleni ilikuwa mbaya.

Wairimu alimwomba Tilak aeleze mila hiyo kwanza, irekodiwe. Alijibu kwa Kiingereza, taratibu, akikisogelea chombo.

“Huu si mchezo. Kwetu wimbo ukishaamua, baba hapingi, kaka hapingi. Mimi Tilak nasema, Harka akimshinda dada yangu leo, amchukue.” Kisha akacheka. “Lakini atashindwa hata chai haijapoa.”

“Imeingia vizuri, Anti,” Wairimu alimwambia Kawira. “Kaa hapo kando ya Harka, na wewe unywe.”

Harka akaimba. Dilmaya akamjibu kabla bakuli halijamfikia mtu, tena kwa jibu lililomfanya Tilak apige goti lake kwa raha. Harka akaimba tena, sauti ikakwama njiani. Dilmaya akamjibu huku anajipepea. Wakaendelea hivyo mpaka shingo ya Harka ikalowa jasho, na Tilak akaanza kumwonea huruma ya dharau.

Halafu Harka akaimba ubeti mfupi, macho kwenye soksi zake.

Kawira akashusha pumzi. Ubeti huo aliujua. Aliusikia jikoni wiki nzima, mwembamba kama mbu, ukitoka kwenye ile simu, na baada yake ndipo mfuniko ulipogongwa. Jibu lake lilikuwepo, limeiva.

Harka akaonja chai, akampa Tilak. Tilak akaonja, akampa Wairimu. Dilmaya alikuwa anaangalia feni.

“Jibu,” Tilak alisema.

Wairimu akampa Kawira bakuli. Baada ya Kawira ni Harka.

Kawira akalishika kwa mikono miwili. Akanywa kidogo kidogo, kama mtu anayepewa dawa chungu. Akakohoa. Akafumba macho, akaishukuru chai kwa sala ndefu. Akanywa tena.

“Anti,” Wairimu alinong’ona, “hiyo haikuwa kwenye mila.”

“Jibu!” Tilak alisema tena, na sasa hakuwa anacheka.

“Imba, binti yangu,” Kawira alimsihi. “Ile ya mfuniko.”

Dilmaya alimtabasamia. Alinyoosha mkono, akalitoa bakuli mikononi mwake kwa upole, akagonga ukingo wake kwa ukucha mara tatu, akampa Harka.

Kisha akachukua mfuko wake nyuma ya mlango, akatoka.