Kimya cha Bingwa wa Misri

Katikati ya mtihani, Ruwa alilaza kiganja juu ya nyuzi za udi, akanyamaza.

Ukumbi mzima ulimtazama. Hakuonekana kusahau wimbo wala kuona haya. Alikaa tu, kiganja juu ya nyuzi, kwa muda wa mtu kunywa mafunda matatu ya maji. Kisha akaugonga uzi mnene mara mbili, polepole, akauendeleza wimbo hadi mwisho.

"Maridadi sana," alisema Madamu Pascalia, mtahini aliyetoka Nairobi, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Bwana Elkana alitabasamu kwa meno yote. Ndiye mhadhiri aliyeleta skrini chuoni hapo Changamwe, na hedifoni, na chumba chenye kiyoyozi kilichozibwa madirisha hata nzi asipenye. Mle ndani wanafunzi walijifunza udi kwa video za bingwa mmoja wa Misri. Uso wa bingwa hauonekani. Ni mikono tu, nayo imechorwa upya na kompyuta ili kila kidole kifuatike, na sauti imesafishwa mpaka hata kikohozi hakisikiki. Ruwa hakuwahi kuwa na mwalimu mwingine. Hata leo mikono ile ilikuwa ikichezacheza kimyakimya kwenye skrini ya ukumbini, nyuma ya mgongo wake.

Kiti cha mbele, Bi Jalila alikuwa ameuma meno. Miaka ishirini na miwili amefundisha udi chuoni humo, ana kwa ana, goti kwa goti. Leo walikuwa wanampima kama samaki sokoni: mwanafunzi mmoja wa Elkana, mmoja wake, wimbo ule ule. Wa skrini akishinda, darasa la Bi Jalila linafungwa na mwenyewe anarudi nyumbani kwake Junda. Barua ilikwisha kuchapwa. Mkuu wa chuo alikuwa ameishika mkononi, bila hata aibu ya kuificha ndani ya faili.

Ilikuwa barua yenye sumu, na sumu yenyewe ilitoka kwa Elkana. Kwamba Bi Jalila ni mkaidi. Kwamba hajakanyaga chumba cha skrini hata siku moja, wala kuchungulia mlangoni. Kwamba hufundisha madirisha wazi kama yuko barazani kwake, na kipindi cha saa nzima humaliza nusu ya wimbo.

Bi Jalila naye alikuwa na yake moyoni, na alikwisha kumwambia mkuu wazi. "Wallahi huyu hana adabu. Mwanzo alipokuja, muhula mzima amekaa nyuma ya darasa langu na simu mkononi, akichezea. Leo ndiye wa kunifunza kazi?"

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kijana alikuwa amepiga vizuri. Alikuja kusikia upuuzi, akasikia udi. Alimchukia Elkana maradufu kwa hilo.

"Wewe mwana," alimwita Ruwa. "Hapo kati ulipozinyamazisha nyuzi, ulikuwa wangojani?"

"Shikamoo, Bi Jalila."

Bi Jalila alimwashiria kwa kidevu ajibu swali kwanza.

"Sijui nilikuwa nangoja nini," Ruwa akasema. "Bingwa hunyamaza hapo, nami nikanyamaza. Nimekifanyia mazoezi kimya hicho wiki mbili."

"Hiyo ni sanaa, mama," Elkana alidakia. "Kimya nacho ni muziki. Lakini utajuaje, na wewe hutaki kusonga na wakati?"

"Mamako yuko kwenu," Bi Jalila akamjibu.

Watu waliguna. Mkuu akagonga meza, akamwita Mwanatatu.

Mwanatatu alikuwa mwanafunzi wa Bi Jalila tangu mwaka wa kwanza, msichana wa maneno machache. Alijifuta viganja kwenye buibui, akaupakata udi, akaanza. Alipiga vyema, ila hofu ilimbana, na kila aliyekuwa na masikio alisikia kwamba Ruwa amemzidi kidogo. Elkana alianza kukunja nyaya zake kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi. Mkuu alitoa kalamu mfukoni. Bi Jalila alitazama sakafu, machozi ya hasira yakimchoma, akaapa hayatamtoka mbele ya watu hawa.

Ngurumo ilianza kwa mbali, upande wa uwanja wa ndege. Ikapanda, ikakaribia, vioo vikatetemeka, na ndege ikapita juu ya paa kwa kishindo kilichomeza sauti zote ukumbini.

Mwanatatu hakushtuka. Alilaza kiganja juu ya nyuzi, kama Bi Jalila anavyowazoesha wanafunzi wake tangu siku ya kwanza, akangoja. Ngurumo ilipofifia, aliugonga uzi mnene mara mbili, polepole, ili sikio liurudie wimbo, akaendelea.

Ruwa alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ndicho hicho!" alisema. "Kimya cha bingwa ni hicho hicho!"

Bi Jalila aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu iletwe chuoni, aliitazama ile skrini. Aliitazama mikono iliyochorwa, kisha akaitazama yake, akaikumbuka ile simu nyuma ya darasa lake.

Elkana aliacha kukunja nyaya. Madamu Pascalia aliweka kalamu mezani.

"Bwana Elkana," alisema, "huyo bingwa wako wa Misri, darasa lake liko karibu na uwanja gani wa ndege?"