Asubuhi Tatu za Uji

"Huo uji wa mkeo umetiwa nini, hata mama yako auone bora kuliko kutibiwa?" jirani aliyekuja kumjulia hali mgonjwa alimwuliza mume, wodi nzima ikisikia. Mume akakosa pa kuuficha uso.

Mama yake alikuwa ameteleza bafuni, akavunjika mfupa wa paja. Daktari alisema mtu wa umri ule hangojwi: atiwe chuma upesi, la sivyo kifua kitajaa maji kwa kulala tu. Sharti moja tu, asile wala asinywe kitu kabla ya kupasuliwa.

Jumatatu machela ilikuja. "Bibi, umeonja chochote leo?" nesi akauliza.

"Uji kidogo tu, mwanangu. Mkwe wangu kanionea huruma."

Machela ikarudi tupu.

Jumanne ikawa vilevile. Mke akaapa, Mungu ni shahidi, kwamba alimwosha na kumgeuza tu. Uji aliokuja nao ulikuwa wa baada ya upasuaji.

Mume akaitikisa chupa ya uji. "Mbona umepungua?"

"Mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba."

"Kila kitu una jibu!"

"Usimgombeze mwenzio," mama akasema kwa upole. "Hajui. Kosa ni langu, nimeshindwa kumkatalia."

Jumatano nesi aliuliza tena, akajibiwa yaleyale. Sasa kifua cha bibi kilikuwa kinakoroma. Daktari akasikiliza mgongo, akakunja uso. "Huyu mnataka kumzika?"

Mume hakupiga kelele. "Nenda kwenu," alimwambia mkewe. "Wanangu nitabaki nao. Nikikukuta nyumbani, tutaonana wabaya." Akatoka mbio kumfuata daktari, akambembeleze.

Mke akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nisemee. Watoto wangu wadogo, mama. Nisemee hata neno moja."

Bibi akamshika shingo, akamvuta mpaka sikio likagusa mdomo wake.

"Asubuhi zote tatu sijaonja hata tone," akamnong'oneza, akakohoa, akapumzika kidogo. "Miaka tisa namwambia akurudishe kwenu, hasikii. Leo kasikia. Haya, ondoka, nikapasuliwe."

Mke akainuka. Akamfunika miguu shuka iliyokuwa imeteleza, akatoka.