Kisu cha Randa Kilichoungua

Ncha ya kisu cha randa ilipogeuka bluu, fundi alizima mashine ya kunolea. Chuma kikiungua hivyo hulainika, hakishiki makali tena. Na randa haikuwa yake. Ilikuwa ya baba wa mumewe, seremala mstaafu asiyeazimisha hata nyundo, na alikuwa amempa aitoe kutu tu.

Mashine hakuigusa tena. Alilowesha jiwe la kunolea, akaanza kukisugua kisu kwa mkono, taratibu, ili kuimaliza sehemu iliyoungua. Siku ya tatu vidole vilikuwa vimechubuka, na ile bluu imebaki nyembamba kama uzi. Kufikia adhuhuri uzi nao ukatoweka.

Akabana ubao mezani, akasukuma randa. Utepe mmoja wa maranda ukajikunja juu ya mkono wake, mwepesi hata mwanga wa dirisha ukapenya.

"Kinakata hicho," sauti ikasema mlangoni. Mzee mwenye randa alikuwa amesimama pale, sijui tangu lini.

"Baba, usifurahi kwanza. Nilikiunguza. Kimepungua urefu."

Mzee akakichomoa kisu, akakipitishia kidole gumba, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Binti yangu, unadhani nilikipokea kikiwa kifupi hivi? Nimekiunguza mara mbili, na mama yenu hajui mpaka leo."

Fundi akajikuta amekaa chini kwenye maranda, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Haya, sogea," mzee akasema, akikirudisha kisu kwenye randa na kukunja mikono ya shati. "Nami nisukume kidogo."