Kibali cha Chumba cha Mtoto

Siku hizi kibali cha kuongeza chumba hutolewa tu kwa nyumba inayokaribia kufiwa. Mashine ya manispaa haisemi ni nani atakayekufa, lakini haijawahi kukosea. Tuliomba chumba cha mtoto mimba ikiwa changa, tukihesabu kwamba atakayekufa ni mama mkwe, aliyekuwa hoi kitandani.

Jana kibali kikatoka. Mume wangu, Hamdani, hakungoja hata msiba, akaita fundi.

Asubuhi hii mama mkwe ameketi mwenyewe. Amemaliza bakuli la uji na anaomba jingine.

"Mwanangu, mbona mmenuna? Si nimepona."

Nje, fundi anauliza kama aanze kuchimba msingi. Hamdani ananitazama tumbo. Nimelishika tangu alfajiri, nikimsubiri mtoto acheze.